Anayeumia bila kelele: ugonjwa unaojificha nyuma ya upole

Neno lilikuwa moja tu: "Sawa." Lilikuja na nukta mwishoni, bila lile "mamii" wala kale kamoyo kekundu alikozoea kuwekewa. Rafiki yangu alikuwa jikoni kwake, Alhamisi jioni, anachambua mchele kwenye ungo, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari. Alikuwa amemuuliza shoga yake kama Jumamosi wataenda pamoja kwenye kikao cha harusi.

Mikono ikasimama. Alivyonisimulia baadaye, moyo ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Akafungua mazungumzo yao tangu Jumatatu, akayasoma moja moja kutafuta alipokosea. Jumanne yeye mwenyewe alichelewa kujibu. Basi ni hapo, amenichoka. Akaandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akaufuta. Akaandika mwingine wa hasira, nao akaufuta. Akaapa moyoni hataki kumwona tena shoga huyo maishani. Dakika tano hazijapita, akajiona yeye ndiye mbaya, mzigo kwa kila anayemjua, na kwamba watu wangepumua kama asingekuwapo. Akaingia bafuni, akafungulia maji watoto wasisikie. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Mumewe akauliza, "Vipi mama watoto, uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa, nimechoka tu." Akapakua chakula.

Yote hayo yalichukua kama dakika arobaini. Kesho yake shoga akapiga simu akicheka: alikuwa kwenye daladala, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, simu imebaki na chaji asilimia mbili.

Ameniruhusu kusimulia haya, na nimeondoa kila kitu ambacho kingemtambulisha. Nimeanza naye kwa sababu usiku ule hakuna aliyeona kitu. Hakupiga kelele, hakuvunja sahani, hakumtukana mtu. Mtaani anajulikana kwa upole. Kwenye kikoba chao ndiye mweka hazina, na daftari lake halina mfuto hata mmoja. Waulize jirani zake, watakuambia wanatamani binti zao wafanane naye. Ndani, mambo kama yale ya "Sawa" yanampata mara nne au tano kwa wiki, tangu akiwa kidato cha pili.

Anachougua kina jina. Ni tatizo la haiba ya mpakani, na sura hii yake isiyo na kelele imezoeleka kuitwa aina ya kimya. Nimeamua kuuandika ugonjwa huu kwa sababu nimefika mahali pa kuamini jambo moja: tunaukosa kwa kuwa tunausifia. Dalili zake tumezipa majina mazuri, tukaziita uvumilivu, staha, kutokuwa na makuu. Na huku tukimsifu mgonjwa, anaendelea kuumwa ugonjwa ambao unatibika kuliko watu wengi wanavyodhani, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya.

Neno "mpakani" huwachanganya watu, kwa hiyo tulimalize mapema. Mwaka 1938 daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, aliandika kuhusu wagonjwa waliomshinda kuwaweka kundi. Hawakufanana na wale wenye wasiwasi na huzuni ambao bado wanaiona dunia kama ilivyo, wala hawakufanana na waliopoteza kabisa uhusiano na uhalisia. Akawaona wako mpakani mwa makundi hayo mawili. Elimu ya leo haiutambui mpaka huo, lakini jina limebaki, kama mtaa unavyoendelea kuitwa kwa mti uliokatwa zamani. Mwaka 1980 ugonjwa ukaingizwa rasmi katika toleo la tatu la mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautaja kama mwelekeo mmojawapo wa matatizo ya haiba.

Mwongozo wa Marekani unaorodhesha dalili tisa, na daktari anahitaji kuona angalau tano zilizodumu na kujitokeza katika mazingira mbalimbali ya maisha ya mtu. Kuna hofu kubwa ya kuachwa. Kuna mahusiano yanayopanda na kushuka, leo mtu ni malaika, kesho ni adui. Kuna kutojijua wewe ni nani hasa. Kuna maamuzi ya papo kwa papo yanayoumiza, kama matumizi ya pesa au ulaji usio na breki. Kuna kujidhuru au mawazo ya kujiua yanayojirudia. Kuna hisia zinazobadilika ndani ya saa chache, utupu usioisha, hasira kali, na nyakati fupi za msongo ambapo mtu anawashuku wote au anajiona kama yuko nje ya mwili wake, anajitazama kwa mbali. Ukipiga hesabu, tano au zaidi katika tisa zinaweza kukutana kwa njia 256. Watu wawili wanaweza kuwa na ugonjwa uleule wakafanana dalili moja tu. Hapo ndipo yule wa kimya anapopotelea, kwa sababu sote tumeshakariri sura ya yule wa kelele.

Neno "kimya" lenyewe halimo katika miongozo hiyo. Ni jina la mazungumzo, la wagonjwa na wataalamu wanaowahudumia. Aliyelikaribia zaidi ni mwanasaikolojia wa Marekani, Theodore Millon, aliyechora aina nne za watu wenye ugonjwa huu. Mmoja alimwita aliyekata tamaa: mtiifu, mnyenyekevu, mwaminifu kwa mtu mmoja anayemng'ang'ania, na chini ya unyenyekevu huo kuna hasira na huzuni visivyosemwa.

Kwa watu wa namna hii kila dalili ipo, ila imegeukia ndani. Hasira inaishia kwa mwenye nayo. Yule wa kelele akiogopa kuachwa atalia mlangoni na kushika nguo, huyu anaondoka kabla hajaachwa: anaacha kupokea simu, anatoka kwenye kundi la WhatsApp, anahama kanisa au msikiti, na watu wanasema tu "siku hizi haonekani". Asiyejijua ni nani anageuka kuwa yeyote aliye mbele yake. Rafiki yangu aliwahi kuniambia kwamba kwa mama mkwe yeye ni mpenzi wa taarabu, kazini ni shabiki wa mpira, na akibaki peke yake hajui angeweka redio stesheni gani. Matumizi mabaya yanafanyika kwa siri, kwa mikopo ya kwenye simu ambayo mume haijui. Na kujidhuru si lazima kuache alama. Kuna anayejinyima chakula siku mbili kwa sababu alisahau siku ya kuzaliwa ya mwenzake. Kuna anayejibebesha kazi za ofisi nzima, akiamini kupumzika ni haki ya watu wema.

Mwanasaikolojia Marsha Linehan, ambaye nitamrudia, aliandika mwaka 1993 kuhusu jambo analoliita uwezo wa kuonekana kwa nje tu. Ni pale mtu anapomudu vizuri sana mahali pamoja, kazini tuseme, hadi kila mtu anaamini anamudu kila mahali. Akianguka hakuna wa kumdaka, kwa kuwa hakuna aliyedhani anaweza kuanguka. Na akikuambia ameumia, anakuambia kwa uso mkavu na sauti ya kawaida, kiasi kwamba unadhani ni jambo dogo. Kila nikiisoma sehemu hiyo namkumbuka yule mweka hazina.

Lakini nisieleweke vibaya. Ukimya si ugonjwa. Kuna watu wamezaliwa wapole, wanapenda kukaa peke yao, wanalala usingizi mzuri na hawana deni na mtu. Siku hizi kuna video fupi za kwenye simu zinazomwambia kila aliyewahi kulia kwamba ana haiba ya mpakani, na hilo nalo linaumiza. Kipimo ni mateso yanayojirudia miaka na miaka, yanayoharibu mahusiano na kumfanya mtu aichoke nafsi yake. Na anayepima ni daktari au mwanasaikolojia aliyekaa na mtu, akamsikiliza zaidi ya mara moja.

Hata kwa wataalamu si rahisi. Wengi wa aina hii wanatibiwa kwanza sonona, na mara nyingi sonona kweli ipo. Rafiki yangu alimaliza dozi mbili kwa nyakati tofauti. Machozi yalipungua, lakini ile ndoo iliendelea kukatika kamba. Wengine wanaambiwa wana bipola. Tofauti inayosaidia ni ya saa na sababu. Katika bipola hali hukaa siku au wiki nzima, hata bila mtu kukukosea. Katika haiba ya mpakani hali inageuka ndani ya saa, na karibu kila mara ukiifuatilia unakuta mtu mwanzoni mwake: jibu fupi, ahadi iliyovunjwa, sauti iliyobadilika. Daktari aliyemgundua rafiki yangu hakumuuliza kama ana huzuni. Alimuuliza, "Mara ya mwisho kujisikia hivi, nani alikuwa amekuambia nini dakika kumi kabla?" Rafiki yangu alikaa kimya kidogo, kisha akalia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu harusi yake.

Chanzo ni nini? Maelezo ya Linehan ndiyo yanayokubalika na wengi. Kuna mtoto anayezaliwa na ngozi nyembamba ya hisia: anaumia haraka, anaumia sana, na anachelewa kupoa. Halafu kuna mazingira yanayomwambia kwamba anachokisikia si kweli. Utafiti mkubwa uliotumia kumbukumbu za wananchi wa Sweden ulikadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 46, yaani karibu nusu. Wengi wa wagonjwa wamepitia ukatili au kutelekezwa utotoni, lakini si wote. Naomba wazazi wasisome hapa hukumu. Mzazi yuleyule, maneno yaleyale, mtoto mmoja anakua salama na ndugu yake anaumia, kwa kuwa hawakuzaliwa na ngozi moja.

Hata hivyo kuna maneno tuliyozoea ambayo tungefanya vema kuyaangalia upya. Mtoto analia, anaambiwa nyamaza kabla hajaulizwa kinachomliza. Akikua kidogo anaambiwa ajikaze. Binti akiolewa anausiwa kumeza maneno, mambo ya chumbani yasivuke kizingiti. Kijana wa kiume anaambiwa mwanaume halii, na kwa hiyo hospitalini hatumwoni. Wagonjwa wanaofika kliniki ni wanawake kwa sehemu kubwa, lakini utafiti wa kaya nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wanaume na wanawake wanakaribiana sana. Usia wa kuvumilia una mahali pake. Familia zetu nyingi zimesimama kwa huo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyembamba, usia huo unakuwa fundisho la kufunga mlango kwa ndani na kutupa ufunguo. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo huo ni kifo, na lazima tuseme. Katika magonjwa yote ya akili, huu ni miongoni mwa yale yanayoongoza kwa watu kujaribu kujiua. Anayetishia kwa sauti, watu wanamkimbilia. Wa kimya anapanga huku akiwapigia watoto pasi. Wengi wanaogopa kumuuliza mtu swali hilo waziwazi, wakidhani watampandikizia wazo. Tafiti zinaonyesha haiko hivyo: kuuliza hakumsukumi mtu, na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Uliza kwa Kiswahili cha kawaida: "Dada, umewahi kufikiria kujiua?" Kisha nyamaza usikilize.

Kuna na woga wa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Ninaunga mkono hukumu hiyo kwa moyo wote. Mtu anayeamini kwamba akisema ukweli ataitiwa polisi hatausema. Na kuna woga wa jina. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi ni hospitali zilizowahudumia watu wetu kwa miongo mingi, lakini mitaani majina yake yamegeuzwa matusi. Mwenye kelele atapelekwa na ndugu, apende asipende. Wa kimya anapaswa kujipeleka mwenyewe, na kabla hajafika getini ameshajiuliza nani atamwona.

Sasa nimrudie Marsha Linehan, kwa sababu tiba yenyewe imetoka kwenye maumivu yake. Alizaliwa mwaka 1943 Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, mtoto wa tatu kati ya sita. Darasani alikuwa hodari, na kwenye piano alikuwa na kipaji. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya Institute of Living, mjini Hartford, akakaa humo miezi 26. Walimwandikia skizofrenia. Walimpa dawa nzito, wakampitisha kwenye mshtuko wa umeme, wakamfungia peke yake katika chumba cha kutengwa kwa sababu hakuacha kujiumiza. Hakuna lililomsaidia. Baadaye alikwenda Chicago, akafanya kazi na kusoma jioni. Usiku mmoja wa mwaka 1967, akiwa amepiga magoti katika kanisa dogo, aliusikia upendo wa Mungu ukimjaa, na kwa mara ya kwanza akajiona anajipenda. Alikuwa ameshaweka nadhiri kwamba akitoka kwenye jehanamu ile atarudi kuwatoa wengine.

Akawa profesa wa saikolojia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Wagonjwa aliowataka ni wale ambao wenzake waliwakimbia. Alipojaribu kuwafundisha kubadilika, waliona anawaambia wao ndio wenye makosa, wakaondoka. Alipojaribu kuwasikiliza tu na kuwakubali, waliona hajali kwamba wanakufa. Ndipo akaunganisha mawili yanayoonekana kupingana: jikubali jinsi ulivyo leo, na anza kubadilika leo. Tiba hiyo inajulikana kwa kifupi cha DBT, na matokeo ya jaribio lake la kwanza yalichapishwa mwaka 1991. Muda wote huo hakumwambia umma kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mgonjwa mmoja aliyeona makovu mikononi mwake aliwahi kumuuliza kama naye ni mmoja wao. Juni 2011, akiwa na miaka 68, alirudi Hartford, katika hospitali ileile, akasimama mbele ya watu akasema yote. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara ninaguswa na urefu wa ule ukimya: miaka 50.

Tiba yenyewe haina uchawi. Mgonjwa anakutana na mtaalamu wake kila wiki, na kila wiki anahudhuria darasa la stadi pamoja na wenzake. Anaweza kumpigia mtaalamu simu pale anapozidiwa, na wataalamu nao wana kikao chao cha kusaidiana. Stadi ziko katika mafungu manne: kuwa na akili hapa ulipo, kustahimili wakati mgumu bila kuuzidisha, kuzitawala hisia, na kuishi na watu huku ukiomba unachohitaji na kukataa usichokiweza. Kuna vitu vidogo vya mwili pia. Kutumbukiza uso kwenye beseni la maji baridi na kushikilia pumzi kwa muda mfupi hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na hofu hushuka nayo. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu bila kumuuliza daktari.

Kwa mtu wa kimya, naona stadi mbili ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote. Ya kwanza nimeiona kwa macho. Rafiki yangu ana daftari la kurasa 96, la kawaida la dukani, ambalo mbele limeandikwa hesabu za nyumbani. Ukiligeuza nyuma, kila ukurasa umepigwa mstari katikati kwa rula. Upande wa kushoto pameandikwa "Nilichokiona". Upande wa kulia, "Nilichokiongeza". Ukurasa wa kwanza una siku ya mchele, kama anavyoiita. Kushoto kuna maneno mawili: "Ameandika Sawa." Kulia mistari imejaa hadi chini, mwandiko unazidi kuwa mdogo: amenichoka, nilimuudhi Jumanne, ameshawaambia wenzake, nitabaki peke yangu, nastahili. Alinionyesha bila kusema neno, akafunga daftari. Katika kurasa za karibuni, upande wa kulia ni mfupi.

Ya pili inaitwa kitendo kinyume. Aibu inamwambia ajifiche, kwa hiyo anafanya kinyume chake pale ambapo hakuna kosa la kweli: anajitokeza, anainua uso, anasema. Badala ya kufuta ujumbe anautuma, mfupi: "Shoga, jibu lako limenipa wasiwasi, tuko vizuri?" Kwa wewe na mimi hilo ni jambo la sekunde tatu. Yeye mara ya kwanza alikaa na simu mkononi nusu saa, jasho linamtoka. Jibu lilirudi baada ya dakika moja, likiwa na "mamii" na mioyo mitatu.

DBT haiko peke yake. London, Peter Fonagy na Anthony Bateman walijenga tiba inayomfundisha mtu kusoma nia, yaani kujiuliza kwa utulivu mwenzangu anawaza nini na mimi nawaza nini, kabla ya kuamini la kwanza lililokuja kichwani. Mwanasaikolojia Thomas Lynch naye alichapisha mwaka 2018 kitabu cha tiba ya watu wanaojibana kupita kiasi, ambao shida yao si hisia zilizofunguka bali breki zisizoachia. Baadhi ya wanaojiita wa kimya huenda ni wa kundi hilo la Lynch, na stadi zinazowafaa ni tofauti. Hiyo ni sababu nyingine ya kutojipima kwa video. Mwaka 2020 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 75 ya tiba za mazungumzo kwa ugonjwa huu, yenye washiriki 4,507, wakakuta tiba hizo zinapunguza ukali wake kuliko huduma za kawaida.

Kuhusu vidonge, nitasema kwa ufupi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa hata moja mahsusi kwa ugonjwa huu, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unaelekeza dawa zisitumike kutibu ugonjwa wenyewe. Dawa zinatibu yanayoambatana nao, kama sonona. Anayezitumia asiache ghafla kwa kusoma gazeti. Azungumze na daktari wake.

Najua swali linalofuata: DBT tutaipata wapi huku kwetu, wakati hata kumwona daktari bingwa ni safari ya wilaya mbili? Jibu zuri lilitoka Toronto mwaka 2009. Watafiti waliwagawa wagonjwa 180 katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa DBT kwa mwaka mzima. La pili lilipewa huduma ya kawaida ya daktari wa akili iliyopangwa vizuri: miadi ya kila wiki, kuelezwa ugonjwa wake, kufuatilia mahusiano, dawa kwa uangalifu. Mwisho wa mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuonekana. Maana yake kwetu ni nzito. Mtaalamu mmoja wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa, anayeujua ugonjwa huu, anayemwona mtu yuleyule kila wiki na asiyemchoka, anaweza kumvusha.

Na wanavuka. Mary Zanarini na wenzake wa hospitali ya McLean, karibu na Boston, walianza mwaka 1992 kuwafuatilia wagonjwa 290 waliowahi kulazwa, wakiwahoji kila baada ya miaka miwili. Miaka kumi ilipotimia, asilimia 93 walikuwa wamepata kipindi cha angalau miaka miwili bila ugonjwa kukidhi vigezo vyake. Nusu ya wote walikuwa wamepona kwa maana kamili zaidi, wana kazi au masomo ya kudumu na watu wa karibu. Hao walikuwa wagonjwa waliolazwa, walio hoi. Anayekuambia haiba ni tabia na tabia haina dawa, mpe takwimu hizo.

Kwenu mnaoishi na mtu wa namna hii, kazi yenu ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitenda. Msimwambie wenzake wana shida kubwa zaidi. Msimwambie anajiendekeza. Kubali kwanza kwamba anaumia, hata kama sababu unaiona ndogo. Kukubali maumivu si kukubali kwamba shoga amemchoka kweli. Bibi mmoja ninayemfahamu analifanya bila kusomea. Anakaa kwenye mkeka karibu na mjukuu wake, anasema, "Mwanangu, tangu jana umenyamaza. Kuna lililokuchoma?" Hamharakishi. Anaendelea kusuka ukili hadi jibu lije. Na masheikh, wachungaji na mapadri, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kusikia siri hizi: ombeni naye, kisha mwandikieni karatasi ya kwenda hospitali. Linehan alipiga magoti kanisani, na bado alijenga tiba.

Na wewe uliyesoma hadi hapa kwa sababu umejiona jikoni pamoja na lile kopo la sukari: chukua karatasi, andika mara tatu za mwisho ulizoanguka hivyo, nani alisema nini kabla, na ilichukua muda gani kupoa. Nenda nayo hospitali yoyote yenye kitengo cha afya ya akili. Kama mawazo ya kujiua yapo leo hii, usisubiri Jumatatu. Mwamshe mtu mmoja sasa hivi, mwambie neno lenyewe, akupeleke penye huduma ya dharura na asikuache peke yako. Ukifika, daktari atakuuliza unasumbuliwa na nini. Tafadhali, usimwambie umechoka tu.